Mbinu ya Mena

Filomena Tschapeller hakuwa mtu wa kuangukaanguka. Alikuwa mpishi wa shule ya Innerlahn, akibeba peke yake masufuria ya supu ambayo wanaume wakiyaona hujifanya wanatafuta funguo mifukoni, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona akimwaga hata kijiko. Ngazi za kanisa zikiganda barafu, yeye alizipanda kama yuko sebuleni kwake. Lakini mvalishe skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, mpandishe mlima, kisha mwambie ateremke. Kona ya tatu, ya nne, tap! Skii imechomoka mguuni, na Mena amekaa kwenye theluji anatafuta miwani.

"Ni mbinu," mumewe Gebhard alikuwa akisema, amesimama juu yake mikono nyuma. "Kifungio cha kushikia buti hakina kosa. Ni mbinu tu, Mena."

Na Gebhard akishasema kifungio hakina kosa, nani mwenye ubavu wa kubisha? Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa ule mtambo wa vibanda vinavyopandisha watalii kwa kamba ya chuma. Alipostaafu alihamia chini ya nyumba yake mwenyewe, kwenye karakana, akawa anakaa humo tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho. Bonde zima lilimletea skii za kupandia mlima. Hakumtoza mtu, na ndiyo sababu hakuna aliyempinga. Fundi unayemlipa unaweza kumgombeza, lakini wa bure unanyamaza na kushukuru.

"Gebhard, hiki kidude kitanitoa roho," Luis wa kiwanda cha mbao aliwahi kusema, akibwaga skii mezani. "Nakanyaga, pini hazishiki buti. Nakanyaga tena, hazishiki. Nimekitukana matusi yote ninayoyajua."

Gebhard aliinama, akachukua sindano ya kushonea magunia, akachokonoa chini ya springi za mbele mpaka donge la barafu likarukia mezani. "Umefuga barafu humu. Taya zitafungaje? Chokonoa kwanza, matusi baadaye."

"Na ngozi za kupandia? Hazinati tena chini ya skii. Juzi zilibanduka zote mbili, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye zizi la mtu."

"Unazibeba wapi?"

"Kwenye mkoba, wapi tena?"

"Zibebe kifuani, ndani ya shati. Gundi ikishapata baridi haimtaki mtu."

"Kama Mena na skii zake," akasema Luis, na karakana nzima ikacheka. Mena alikuwa juu jikoni, na sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya mbao. Alisikia. Aliendelea kukanda unga.

Sasa, kuanguka peke yake si msiba. Watu wanaishi miaka tisini bila kukanyaga skii, wanazikwa vizuri tu. Tabu ya Mena ilikuwa kwamba hakuzaliwa Innerlahn. Alizaliwa Kalch, bonde la ng'ambo, upande wa pili wa mlima, chini ya bendera nyingine. Lugha ni ileile, watakatifu ni walewale, madonge ya mkate ni yaleyale, ingawa kila upande unadai ya wenzao yanafaa kujengea ukuta. Kati ya mabonde hayo kuna mahali milima imeachana kidogo, panaitwa Pengo. Wasichana wameolewa kupitia Pengo, kwenda na kurudi, tangu zamani ambazo hata padri hazijui.

Ndiyo maana kuna Jumapili ya Pengo. Kila mwezi wa tatu, Jumapili iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, watu wa pande zote mbili hupanda kwa skii, wakakutana juu, wakanywa supu na gongo la pea. Kisha kila aliyeoa au kuolewa ng'ambo anateremka upande aliozaliwa, akale mezani kwa mama yake. Mwenzake anarudi nyumbani peke yake, akale anachojua mwenyewe. Ni siku moja tu kwa mwaka, na haiombewi ruhusa.

Ukienda Kalch kwa gari, kwa kuzunguka mlima, utafika vilevile. Lakini watu wa Kalch wana msemo wao: anayekuja kwa barabara ni mgeni, anayekuja kwa Pengo ni mtoto wa nyumbani. Na si msemo wa kupamba ukuta. Mgeni anawekwa sebuleni, anapewa kahawa kwenye vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, anaulizwa habari za safari. Mtoto wa nyumbani anaingia jikoni na mabuti yenye theluji, anafokewa, anapewa kisu amenye viazi. Mena alikuwa amenywea vikombe vya dhahabu miaka kumi na moja, tangu skii zilipoanza kumchomoka. Mama yake mzazi alimwuliza habari za safari. Kila alipoondoka alilia ndani ya gari mpaka mahali pa kulipia barabara, halafu akajifuta, kwa sababu yule kijana wa kupokea hela alikuwa anafahamiana na Luis.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili kaka yake Vigil akapiga simu kutoka Kalch.

"Mama anahamia nyumba ya wazee baada ya Pasaka," alisema. "Ngazi zimemshinda. Nyumba tunaifunga."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema Jumapili ya Pengo atapika mwenyewe, mara ya mwisho. Nikamwambia Mena hawezi kuja, si unajua mbinu yake. Akasema atapika hivyohivyo, na sahani yako ataiweka."

Mena akaweka simu chini, akamaliza kusugua sufuria, akashuka karakanani. Gebhard alikuwa peke yake, anapaka nta.

"Mwaka huu nateremka Kalch," akasema.

"Kwa Ukuta?"

"Kuna njia nyingine?"

Hakuna. Upande wa Kalch, chini tu ya Pengo, mlima unasimama wima kiasi kwamba wenyewe wanauita Ukuta. Kushoto kwake kuna mfereji unaoishia kwenye majabali. Skii ikikuchomoka pale, hutafuti miwani.

"Kilima cha ng'ombe hapo nyuma kinakushinda," Gebhard alisema polepole, bila kuinua macho. "Nenda kwa gari, mke wangu. Mama yako atakupokea vizuri tu."

"Hilo ndilo nisilolitaka," Mena akajibu. Akapanda juu.

Basi akafanya jambo ambalo mwanamke wa Innerlahn halifanyi: akaenda mjini kujinunulia vifungio mwenyewe. Huko kwao mke hanunui vifungio. Mume ananunua vipya, vya zamani vinamshukia mke, na skii ya mke ina matundu ya skrubu yaliyozibwa mengi kuliko vitundu vya jibini. Mena alibeba skii zake za zamani begani, apate za kulinganishia, akaingia dukani. Na nani alikuwa humo anajaribu glovu? Zenzi wa posta, ambaye ukimwambia jambo huna haja ya kubandika tangazo.

Muuzaji alikuwa binti mmoja anaitwa Verena, mwenye mikono ya fundi na sauti ya mtu aliyekulia karibu na maporomoko ya maji.

"Karibu, mama! Unatafuta vya kupandia au vya kuteremkia?"

"Vya kutochomoka."

Verena akamwonyesha kifungio chepesi kama yai. "Hivi wanavaa washindani. Havina namba, vimekadiriwa kiwandani kwa mtu wa wastani."

"Mtu wa wastani ni nani?"

"Mwanamume, kilo themanini, anakimbia."

"Simfahamu. Vingine?"

Akamwonyesha vizito zaidi, vyenye breki ya kuzuia skii isitoroke, na skrubu mbili nyuma zenye namba. "Hivi unaviwekea namba yako. Ikiwa ndogo, kinakuachia upesi. Ikiwa kubwa, kinakung'ang'ania mpaka mfupa useme. Unaipata kwa umri, urefu wa soli ya buti, jinsi unavyoteremka, na uzito. Una kilo ngapi, mama?"

Loo. Glovu za Zenzi zikaacha kujaribiwa.

Mena alisogea karibu na sikio la binti, akanong'ona.

"SABINI NA MOJA?" akauliza Verena.

"Ndiyo, mwanangu. Asante."

Verena akapiga hesabu kwenye jedwali lake. "Tano na nusu. Hebu tuone na hizi zako za zamani." Akazigeuza skii, akakwaruza uchafu kwenye kidirisha kidogo cha nyuma ya kifungio, akachungulia. Akachungulia na cha pili. "Mama, vifungio vyako ni vizima kabisa. Springi nzuri, breki nzuri. Ila vimewekwa tatu. Tatu ni ya mtoto wa shule! Nani kaweka hii?"

"Mume wangu."

"Alikuwa anamfikiria nani?"

Mena akawaka uso mpaka kwenye masikio, maana alidhani anajua. Majira ya baridi kabla ya harusi yao, Gebhard alimwandalia skii kwa mara ya kwanza, akamwuliza uzito, kwa adabu, akiangalia pembeni. Mena akajibu: hamsini na nne. Haikuwa kweli hata siku ile. Lakini binti aliyeposwa akiulizwa kilo zake na mchumba, ulitaka aseme nini? Baada ya hapo Gebhard hakuuliza tena, na yeye hakusahihisha. Watoto wakazaliwa, wakaoa, kilo zikaongezeka, na muda wote huo hamsini na nne ikabaki pale ilipo. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimwangusha, akafikiri. Mficha uchi hazai.

Verena akachukua bisibisi, akazungusha skrubu mpaka tano na nusu, akamkabidhi skii zake. "Usinunue kitu. Ukachezee theluji."

Alasiri ileile Mena alipanda kilima cha ng'ombe, akabandua ngozi, akaziweka kifuani ndani ya shati, akakanyaga kisigino, klak, akateremka. Kona ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Akafika chini kwenye uzio amesimama wima, miwani puani, hakuna wa kumwona ila ng'ombe wa jirani dirishani mwa zizi. Alifurahi mpaka akaona haya. Akapanda tena.

Nyumbani hakusema neno. Kusema kosa lilikuwa namba ni kusema kosa lilikuwa kilo, na hilo alitaka kulitafutia siku yake.

Jumamosi akarudi kilimani. Kona ya tatu, tap! Chini.

Alikaa kwenye theluji, akaivuta skii, akafuta kidirisha kwa kidole. Tatu.

Sasa, skrubu haijizungushi. Mena alijua kwamba kila Ijumaa Gebhard anazipitia skii zote za nyumba, anapaka nta, anakagua. Basi ameona tano na nusu, akadhani ni kosa, akairudisha kwenye hamsini na nne yake ya mchumba. Masikini, mume mwaminifu! Mena akachukua bisibisi kwenye kabati la jikoni, akarudisha tano na nusu. Ijumaa iliyofuata Gebhard akarudisha tatu. Mena akakaza, Gebhard akalegeza. Mezani waliongea habari za theluji na goti la padri, wakapeana chumvi, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa upole mwingi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuhusu kinacholegeza skrubu hawakuacha neno.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Mena alipika madonge ya mkate na kabichi chachu, akamngojea Gebhard ale donge la kwanza, kisha akashika pembe za meza kwa mikono yote miwili.

"Gebhard, mimi sina kilo hamsini na nne."

Gebhard alimeza. "Najua."

"Sikuwahi kuwa nazo. Hata mwaka ule."

"Najua."

"Nina sabini na moja."

"Sabini na mbili," akasema Gebhard. "Mizani ya bafuni inapunguza moja. Niliirekebisha mwenyewe, baada ya ile Krismasi uliyokuwa na huzuni."

Mena akamtazama. Lilikuwa jambo la upendo na la kukasirisha kwa pamoja, na hakuwa na nafasi ya kulishughulikia. "Kwa hiyo namba yangu unaijua."

"Tano na nusu."

"Na unaweka tatu."

Gebhard akakata donge vipande vinne, kisha vinane. Hakula hata kimoja.

"Mwaka ule wa mwisho uliposhuka kwa mama yako," alisema, "ulishuka Jumapili, ukarudi Pasaka imeshapita."

"Mama aliteguka nyonga."

"Nyonga ilipona. Vigil aliniambia kwa simu, anatembea, anagombeza kuku. Wewe ukabaki."

Ilikuwa kweli. Mena alibaki. Alilala kwenye kitanda chake cha usichana, akaoka mikate, akaongea na mama yake mambo ya kipuuzi, na hakuna mtu aliyemwambia lolote linapaswa kufanywaje.

"Nilikuwa na furaha," akasema.

"Najua. Uliporudi nilikuona. Ulikuwa kama mtu aliyekuja kuchukua koti." Gebhard aliongea akiwaambia wale vipande vinane. "Mwaka uliofuata nikalegeza kidogo. Kidogo tu. Ukaanguka kilima cha ng'ombe, ukasema mwaka huu huendi. Sikukukataza, ulisema mwenyewe."

"Na ukaniambia ni mbinu."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu. Mbele ya Luis."

"Ndiyo."

"Je, kama ningekwenda? Ningekwenda na tatu zako kwenye Ukuta, ningekuwa kwenye mfereji gani sasa hivi?"

"Nilijua hutakwenda. Mtu anayeanguka kilima cha ng'ombe hajiamini, haendi Ukuta." Akasogeza sahani. "Hata hivyo, kila Jumapili ya Pengo nilikuwa naamka mapema nihakikishe uko kitandani."

Hapo Mena akasimama. Hakuvunja sahani; alikuwa mpishi, sahani anaziheshimu. Lakini sauti ilimtoka ambayo watoto wa shule hawajawahi kuisikia.

"Miaka kumi na moja, Gebhard! Miaka kumi na moja mama yangu ananinywesha kahawa kwa vikombe vya wageni! Nimejiona mzembe, nimejiona mnene, nimejiona mjinga, nimeomba mpaka kwa watakatifu wanipe mbinu. Nao pengine walikuwa wananishangaa! Ungeniambia tu, baki. Neno moja hilo. Ungesema baki!"

"Lingenitokaje?" akauliza Gebhard, na kwa kweli alikuwa anauliza.

Mena akashuka karakanani, akakaza skrubu zote nne mpaka tano na nusu, akazipandisha skii chumbani, akaziweka nyuma ya kabati upande wake wa kitanda. Jioni ile Gebhard aliosha vyombo, vibaya.

Jumapili kukapambazuka na baridi kavu. Walipanda pamoja na wengine, msururu mrefu wa watu, ngozi zikikwaruza theluji, buti zikiinuka na kushuka. Mena alitangulia. Gebhard alimfuata nyuma umbali wa mtu asiyejua kama amealikwa. Kwenye zile kona za juu, ambapo lazima urushe skii moja hewani na kuigeuza, Mena aligeuza bila kusimama. Hata huko hakuna aliyesema neno zuri. Watu wa Innerlahn wanapopanda huokoa pumzi.

Juu Pengo watu wa Kalch walikuwa wameshafika, moto umewashwa, supu inachemka. Watu wakakumbatiana, wakapigana migongoni, gongo likazunguka. Luis alimwona Mena anabandua ngozi akiwa ameelekea upande wa ng'ambo, akapaza sauti.

"Jamani, Mena anateremka Ukuta! Shemeji zetu wa Kalch, tandikeni magodoro! Mena, skii ikikutoroka mpigie Gebhard aje na bisibisi!"

Wakacheka, Innerlahn na Kalch pamoja. Kwa kucheka hawana mpaka. Zenzi wa posta alicheka kuliko wote, maana yeye alikuwa na sabini na moja ya akiba.

"Haitachomoka," akasema Gebhard.

Hakusema kwa nguvu, lakini alikuwa Gebhard, na habari ilikuwa ya vifungio. Watu wakageuka.

"Mbinu yake haina kosa na haikuwahi kuwa na kosa. Ni mimi niliyekuwa nalegeza skrubu. Kila mwaka."

Kijiko cha supu kikasimama juu ya sufuria. "Sasa ulikuwa unalegeza kwa nini?" akauliza Luis, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kuuliza.

"Niliogopa."

"Ulimwogopa Mena?"

"Niliogopa hatarudi."

Watu wakatazama mabuti yao. Pengo limesikia mengi: viapo, ugomvi wa mipaka, posa za walevi. Mwanamume wa Innerlahn kusema ameogopa, hilo lilikuwa geni. Mwisho Luis akamjazia Gebhard kikombe cha gongo, mpaka pomoni, akampa.

Mena alisikia kila neno. Hasira yake haikuisha, wala hakutaka iishe upesi hivyo, alikuwa na haki nayo. Lakini kitu kifuani kililegea kidogo. Akagonga buti kwa fimbo ya skii kutoa theluji, akachungulia matundu ya pini, safi, akakanyaga mbele, klak, akakanyaga nyuma, klak. Gebhard alikuwa amesogea. Aliinama kidogo kama alivyozoea, mkono umetangulia kwenda kukagua kifungio cha mkewe, kisha mkono ukasimama hewani. Akaurudisha, akauweka mfukoni.

"Utarudi lini?" akauliza.

"Sijui bado," akasema Mena, na ulikuwa ukweli. Akateremka.

Ukuta ulikuwa uleule. Theluji ngumu juu, laini kidogo chini yake, mfereji kushoto umefunua kinywa. Kona ya kwanza aliichukua kwa woga, ya pili kwa hasira, ya tatu kwa mazoea yaliyokuwa yamelala miguuni tangu usichana. Skii zilimng'ang'ania. Nne, tano, akaacha kuhesabu. Mfereji ukabaki nyuma na mlima ukaanza kulegea, na pale chini, kijani na kijivu, likatokea paa la kwao, moshi unatoka dohani moja tu, ya jikoni. Mena akaliangalia lile paa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu aliye kwenye mwendo. Ncha za skii zikapandana, naye akaruka kichwa mbele.

Alibiringika mara mbili. Goti likaanza kupindika vibaya na hapohapo kifungio kikaachia, tap, jinsi kifungio chenye akili kinavyotakiwa, na goti likabaki salama. Breki ikauma theluji. Skii ikasimama hatua chache juu yake, inamngoja.

Mena alikaa na theluji shingoni, akajipapasa: mikono ipo, miguu ipo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, peke yake, katikati ya mlima, maana lile lilikuwa anguko lake mwenyewe. Hakuna aliyemlegezea. Alikuwa ameshangaa paa badala ya kuangalia njia, akaanguka kwa uzembe wake halali, kama binadamu yeyote. Kule juu Pengo kulikuwa na nukta moja nyeusi imesimama ukingoni, haisogei. Mena akainua fimbo kuonyesha yuko mzima. Nukta ikainua mkono. Akavaa skii, akamalizia kuteremka.

Mama yake alikuwa mlangoni pa jikoni, amejiegemeza kwenye fimbo, darubini inaning'inia shingoni.

"Umeanguka," alisema. "Nimekuona. Unashangaashangaa kama ulivyokuwa mtoto. Na hayo mabuti, sakafu nimepiga deki jana! Funga mlango, joto linatoka. Kisu kiko pale, viazi vile, na usimenye maganda manene."

"Sawa, mama," akasema Mena.

Akamenya. Vigil akaja akakaa, wakala madonge ya mkate, ambayo kweli yalikuwa magumu. Mama alimfokea kwa kukonda na kwa kunenepa katika sentensi moja, na Mena akala kila kilichowekwa mbele yake. Wakati wa sahani ya pili simu ikalia ukutani. Mama yake akainuka taratibu, akakataa kusaidiwa, akainua mkono wa simu, akasikiliza. Kwa mbali sauti ya Gebhard ilisikika, ikiuliza kwa heshima zote za mkwe kama Mena amefika, na kama anaweza kuongea naye.

"Anakula," mama akasema, akakata simu, akarudi mezani kumwongezea kabichi.